Mgeni Asiyepewa Jembe

Mama mdogo wangu, mdogo wa marehemu mama, alikuwa na tabia ya kumgombeza mumewe kila mvua iliponyesha, na mumewe alikuwa amekwisha kufa zamani. Baba mdogo alikuwa fundi mwashi. Aliwajengea watu nyumba mtaa mzima wa Buyenzi, na mwisho akajenga yake Buterere, pembezoni mwa mji, kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe, kwenye kiwanja kinachopakana na mashamba ya mpunga. Nyumba hiyo ilikuwa na ufa. Ulianzia juu ya mlango wa chumba cha nyuma ukashuka mshazari hadi dirishani. Mama mdogo aliuziba mwaka huu, mwaka uliofuata ukarudi. "Nyumba za batu zote zimesimama," alikuwa akisema, kopo la saruji mkononi, akiutazama. "Yangu ndio alinijengea na mukono wa kushoto."

Nilikuwa nikicheka. Nataka kuliandika hilo kabla ya mengine yote. Nilikuwa nikicheka, na miaka ya mwisho nilicheka huku najua.

Kazi yangu ni kupima jinsi ardhi inavyosogea. Nikisema hivyo wengi hudhani napima viwanja, wananiuliza habari za mipaka na hati. Sipimi viwanja. Bonde hili tunaloishi, lenye ziwa Tanganyika katikati, ni mpasuko wa dunia. Upande wetu unaachana na upande wa milima ya Kongo polepole mno, milimita chache kwa mwaka, wala hakuna anayesikia kitu. Ili kuuona mwendo huo unasimamisha nguzo ya zege, juu yake unaweka antena iliyofunikwa kwa kitu mfano wa bakuli jeupe lililopinduliwa, unaiacha isikilize setilaiti usiku na mchana. Kwa siku moja haikuambii lolote. Kazi yake ni kukaa. Ikikaa miaka, ukaunganisha ilipokuwa na ilipo, unapata mstari, na mstari huo ndio unaokuonyesha ardhi inakwenda wapi. Kwa hiyo tunachokihitaji kuliko vyote ni nguzo ambayo mtu hataigusa.

Hapo ndipo palipotushinda. Kituo chetu cha kwanza tulikiweka juu ya mwamba, mlimani mashariki ya mji, mahali ambapo mwalimu yeyote wa taaluma yetu angetupa alama zote. Wezi wakabeba paneli ya umeme wa jua, betri na nyaya. Wakaacha lile bakuli peke yake, nadhani kwa sababu lina matundu chini na halifai hata kwa mboga. Mwamba ni imara, lakini mwizi akija haupigi kelele. Mkuu wangu wa kazi, mwanamume mpole anayependa mistari yake kama wenzake wapendavyo mpira, akaniuliza kama simjui mtu mwaminifu, mwenye uwanja wazi huko chini bondeni, asiyependa kutembeatembea.

Nikamjibu kabla hajamaliza kuuliza.

Mama mdogo hakukubali mara moja. Alikuwa anapepeta mchele uani nilipomweleza, na ungo haukusimama.

"Iko nini, hiyo kitu?"

"Ni stasiyo, mama mudogo. Inasikiliza setilaiti."

"Inasikiliza na batu?"

"Apana. Inatazama namna gani udongo wa upande wetu unaachana na ule wa Kongo."

"Kumbe ni talaka." Akapuliza makapi. "Na kadhi ni nani?"

Tulicheka sana, lakini kucheka si kukubali. Alisema majirani wataona nguzo ya zege watadhani Serikali imekuja kuweka alama za kuwahamisha, maana Buterere ni mahali pa mafuriko na maneno ya kuhamishwa hayaishi. Alisema uwanja ni mdogo. Alisema yeye si mlinzi wa benki. Nikaona ananiponyoka, na mbele ya mkuu wangu nilikuwa nimekwisha kujigamba. Basi nikatumia neno.

Sisi tuliolelewa katika nyumba za Waislamu wa Buyenzi neno amana hatulichezei. Ukimwachia jirani mkoba wako unamwambia niangalizie, basi, na ukipotea mtagombana yataisha. Ukisema amana umemwingiza Mungu kati yenu. Nilimwona mama, Mungu amrehemu, akikosa harusi ya rafiki yake kwa sababu ndani ya nyumba kulikuwa na cherehani ya mtu iliyoachwa kwa neno hilo na mwenyewe hajarudi. Yeye na mama mdogo walilelewa na bibi mmoja. Nilijua vizuri ninamshika wapi.

"Mama mudogo," nikasema, "ninakuachia amana."

Ungo ukasimama. Akanitazama kuona kama nafanya mzaha, akaona sifanyi. Akajifuta mikono kwa kanga.

"Kama ni amana, sawa. Na mi utaniletea nini?"

Nikadhani anataka sukari, nikamwambia nitaleta sukari kila nikija.

"Apana sukari! Mutu akikaa kwangu anasikiliza mambo, mi pia nijue anasikia nini. Unaniletea habari zake."

"Kila atakachosema nitakuletea."

"Ni amana?"

"Ni amana," nikajibu, haraka, kama msikitini watu wanavyoitikia amina huku wanatafuta viatu vyao.

Tukachimba, tukapigilia vyuma virefu chini, tukamwaga zege. Antena ilipowekwa juu yake mama mdogo aliizunguka mara mbili akaiita mugeni, na jina likashika mpaka ofisini. Mgeni alikuwa na masharti. Hakutaka mti karibu, wala ukuta, wala bati, wala kamba ya nguo, kwa kuwa alihitaji kuiona mbingu yote. Mama mdogo alikuwa na mipapai miwili iliyoanza kuzaa. Aliikata mwenyewe. Nilimwambia mmoja unaweza kubaki, upo mbali kidogo, akasema akija mgeni unamchinja kuku, sembuse papai.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," nikamtania.

"Huyu hana mikono," akajibu. "Tumusamehe."

Mtandao wa kule haukuweza kubeba takwimu hadi ofisini, hivyo kila mwezi nilikwenda kuzichukua mwenyewe. Wakati mafuta ya gari hayapatikani, na siku hizi hayapatikani mara nyingi, nilishuka kwa baiskeli ya kukodi, nimekaa nyuma na kompyuta mgongoni. Sanduku la chuma lenye betri na kipokezi lilikuwa ndani ya chumba cha nyuma, chini ya ufa. Nilifungua, nikanakili, nikafunga, halafu tukanywa chai kwa maandazi. Aliniambia mgeni amelala vipi, ndege ya abiria iliyotua kiwanja cha jirani ilimsumbua au haikumsumbua. Baadaye sana ndipo nilipotambua kwamba hakuwa akilala nje tena. Mpwa wa mumewe alioa Rumonge, yeye akatuma zawadi. Wakati wa misiba alikwenda akarudi siku ileile. Ofisini walisifu jinsi takwimu za Buterere zilivyokuwa hazina pengo hata moja, na mimi nilipokea sifa hizo bila kumtaja.

Mwaka wa kwanza ulipokwisha mkuu akaniita kwenye kompyuta yake. Kwenda pembeni, yaani ule mwendo tulioutafuta, mstari ulikuwa bado unababaika. Kwenda chini haukuwa unababaika hata kidogo. Ulikuwa unashuka.

"Umeona?" akasema. "Hii si dunia. Hii ni matope ya tante yako, huyo mama mdogo."

Akanieleza, ingawa nilikwisha kuelewa. Chini ya Buterere hakuna mwamba wa karibu. Kuna mchanga na udongo ulioletwa na maji tangu kale, na udongo huo unaendelea kujishindilia, unazama na vilivyo juu yake. Hauzami sawasawa, huku zaidi, huku kidogo. Kwetu sisi jambo kama hilo huitwa kelele: kitu unachokiondoa ili ubaki na kile unachokitafuta. Nilitegemea atasema tukahamishe kituo. Akavua miwani, akaifuta, akasema lakini ni mstari mzuri sana. Hatukuwa na mwingine kama huo bondeni. Tuuache ukue.

Mimi sikuwa nautazama mstari tena. Nilikuwa nauona ufa wa chumba cha nyuma. Ulinijia wote, toka juu ya mlango hadi dirishani, na sauti ya mama mdogo ikisema mukono wa kushoto.

Kwa nini sikumwambia? Mwaka ule nilijiambia mtaalamu hasemi jambo kwa takwimu za mwaka mmoja. Hiyo ilikuwa kweli. Mwaka uliofuata nilijiambia nitamtia hofu bure, maana atakwenda wapi, hana mtoto wa kumzaa, hana kingine ila nyumba hiyo. Hiyo nayo ilikuwa na ukweli wake. Lakini sababu iliyokaa chini ya hizo mbili naijua, na naona haya kuiandika: niliutaka mstari. Nilijua nikimwambia kiwanja kinazama angeondoka, au mimi mwenyewe ningelazimika kumwondoa, na bila yeye hakuna wa kumlinda mgeni. Nilikuwa nimeanza kuitwa kwenye mikutano. Nilisimama mbele ya watu waliovaa tai nikauonyesha ukishuka ukutani, mkubwa kama mlango, na mmoja akaniuliza nguzo ile inalindwaje. Nikasema ipo kwa familia inayoaminika. Wakaandika.

Buterere, chai ikiwa mezani, mama mdogo aliuliza lilelile kila mwezi.

"Mugeni anasema nini?"

"Anasema tunaachana na Kongo polepole."

"Bado tu?"

"Bado."

"Hawa batu wana subira." Halafu jicho lake lingekwenda kwenye ukuta, na lingeanza. Marehemu alipunja saruji. Marehemu alikuwa na haraka ya kwenda kujengea wake za watu. Siku moja aliapa kwamba akifika kwa Mola atamshtaki, ana ushahidi wa mita tatu. Nilicheka mpaka chai ikanipalia, naye akanipiga mgongoni. Baba mdogo alikuwa mtu aliyepima tofali kwa kamba na bilauri ya maji, aliyebomoa ukuta wa mteja kwa sababu ulipinda kiasi cha unene wa kucha, na mteja mwenyewe hakuuona. Mimi nilikuwa mtoto, nilimshikia kamba. Nilikumbuka hayo nikiwa bado na machozi ya kicheko machoni.

Kisha ikaja masika ambayo ziwa lilijaa na maji ya mashambani yakakosa pa kwenda. Jirani wa mama mdogo, mama mmoja mkulima wa mpunga, mtu wa kanisa na mwenye sauti ya kuita watu toka ng'ambo ya shamba, akanipigia simu mchana.

"Njoo umutoe mama yako mudogo! Sisi wote tumetoka. Yeye anasema hawezi, eti iko na amana. Amana gani inakataza mutu kutoka mu maji?"

Gari la ofisi halikuwa na mafuta. Baiskeli ilinifikisha mahali lami inapozama, nikavua viatu. Nilimkuta chumba cha nyuma. Alikuwa amekaa juu ya meza, maji yakizunguka miguu ya meza, kanga imefungwa magotini. Kitandani, kitanda chake cha ndoa, palikuwa na sanduku langu. Alikuwa amelivisha nailoni, akalifunika kwa blanketi.

Naandika kama ilivyokuwa. Niliingia mlangoni, na macho yangu yalikwenda kwanza kwenye taa ndogo ya kijani ya kipokezi, inayoonekana kupitia nailoni. Ilikuwa inawaka. Moyo ukatulia. Halafu ndipo nikamtazama yeye, nikaona midomo yake inatetemeka kwa baridi. Aliona nilivyotazama. Akasema, "Iko muzima, usiogope," akinituliza mimi.

Nikampeleka kwangu Mutanga Nord, upande wa juu wa mji. Nikampa kitanda, uji, soksi. Alikaa kama mtu aliyekaa juu ya kaa la moto, na maji yalipopungua tu akaomba arudi. Nikamsihi. Akasema, "Mugeni ni yeye peke yake kule." Ningeweza kumwambia pale, mezani kwangu, hakuna mvua wala shahidi. Ningeweza kusema amana nimeichukua, umekuwa huru. Badala yake nilikwenda kwa mkuu kumwomba tuondoe kituo. Akanisikiliza vizuri, kwa huruma kabisa, halafu akafungua mstari. Tazama hapa, akasema, mafuriko yameingia na nguzo haikuyumba, unaona mstari ulivyo safi? Tukipata masika moja zaidi, tutakuwa na kitu cha kuwaonyesha hata wanaopanga mji. Itawafaa watu wa Buterere wote. Nikatazama. Nikasema sawa, masika moja. Sikulazimishwa na mtu. Nilirudi nyumbani nikamfungashia soksi zake.

Masika hiyo haikuleta mafuriko. Ilileta mlango. Asubuhi moja mama mdogo aliingia chumba cha nyuma kumwamsha mgeni, kama alivyopenda kusema, akaufunga mlango nyuma yake ili kuku wasiingie, na mlango ukagoma. Fremu ilikuwa imeminywa na ukuta. Alivuta, akasukuma, akapiga kelele mpaka jirani akasikia akaja na shoka. Mama mdogo aliponipigia simu alikuwa anacheka, lakini pumzi ilikuwa haijamrudia.

"Njoo na fundi, mutoto yangu. Haka kamarehemu kataniua."

Nilikaa na simu mkononi. Ofisini watu walikuwa wanazungumza mambo ya chakula cha mchana. Kila mwaka mama mdogo alikuwa amemshusha mumewe kidogo zaidi. Alianza kwa mzaha, fundi wa mkono wa kushoto, halafu mwenye haraka, halafu mpunjaji, na sasa muuaji. Sisi tumefundishwa kuwataja wafu kwa mema yao. Mtu aliyekufa hana mdomo wa kujitetea. Wa kumtetea alikuwa mmoja tu, ana kompyuta mbele yake, na ndani ya kompyuta mna ushahidi wa kila siku. Sikumuuliza mkuu. Nilichukua bisibisi na boksi tupu nikashuka Buterere.

Mama mdogo aliponiona na boksi akajua.

"Anaondoka?"

"Anaondoka."

Alisema ningoje, akatoka, akarudi na yule jirani na mume wa jirani, ambaye alikuwa bado na tope la shambani miguuni. Akatandika mkeka uani, chini ya nguzo. Nilikuwa nimesahau kwamba amana hairudishwi kimyakimya. Anayerudisha huleta mashahidi, ili kesho mwenye mali asije akasema kuna kilichopungua. Wale wawili ni Wakristo, lakini walikaa kwa heshima kama watu waliokaribishwa kwenye posa.

"Toa vyote," akaniambia, "utazame kama iko kamili."

Nikatoa kipokezi, betri, nyaya. Nikashusha antena. Bakuli lilikuwa limesafishwa, tena si vumbi tu lililoondoka. Alikuwa analipaka mafuta kidogo ili ndege wasisimame juu yake. Nikaviweka mkekani. Kila kitu nilikitaja kwa jina, na mume wa jirani akaitikia eeh kwa kila kimoja ingawa hakujua ni nini.

"Sema mbele yao," akasema mama mdogo.

"Amana yangu nimeipata kamili. Mungu akulipe."

"Amina." Akaninyooshea kiganja chake, kitupu. "Na yangu iko wapi?"

Jirani alidhani anadai zawadi, akacheka kumsaidia. Mimi nilijua anauliza nini. Alikuwa ameuliza kila mwezi, na kila mwezi nilimpa Kongo.

"Mama mudogo," nikasema, "hapa panazama."

"Nani anazama?"

"Kiwanja. Udongo wote wa hapa, unashuka chini kidogo kidogo. Huku nyuma zaidi kuliko mbele. Mugeni alisema tangu mwaka wa kwanza."

Alikuwa bado amenyoosha mkono. Akaugeuza, akautazama, akauweka mapajani. Macho yake yakaenda kwenye ukuta wa nyuma, kwenye ufa, yakaufuata toka juu hadi chini taratibu.

"Basi nyumba," akasema.

"Nyumba ilijengwa vizuri. Haiko nyumba. Ni udongo."

Mume wa jirani akasema ndiyo maana hata mtaro wake haushiki maji, na mkewe akamkanyaga mguu. Mama mdogo hakuwasikia. Nilingoja anitukane. Ningeona afadhali. Nilikuwa nimejitayarisha hata kwa laana, na mama yangu hayupo wa kuniombea.

"Kila mvua," akasema. "Kila mvua nilimusema."

Halafu akalia. Sijapata kumwona akilia hivyo, hata siku ya kuzika. Jirani akamshika mabega, akawa ananitazama mimi juu ya kichwa chake, na macho ya mama huyu mkulima sijayasahau. Nilifungasha vitu vyangu, maana mikono yangu haikuwa na kazi nyingine. Nikafunga boksi kwa utepe, nikafungua, nikafunga tena.

Alipotulia akanawa uso, akavaa kanga safi, akasema nimpeleke makaburini.

Siku hiyo ofisi ilikuwa na mafuta, nilikuwa nimekuja na gari. Tulikwenda, boksi likigongagonga nyuma. Katika malezi ya mama mdogo wanawake hawaingii kati ya makaburi, kwa hiyo tulisimama pembeni, nje ya ua wa miti, mahali ambapo kaburi la baba mdogo linaonekana, lenye kingo alizozijenga mwanafunzi wake. Zimenyooka. Akasoma Fatiha, nami nikaifuata kwa sauti ya chini. Kisha akamwita mumewe kwa jina la utani ambalo sikuwa nimelisikia tangu utoto.

"Haikukuwa mukono yako," akamwambia. "Nisamehe. Ilikuwa udongo. Mi sikujua."

Upepo wa ziwa ulikuwa unavuma, kanga ikamfunika uso, akaiondoa. Nilidhani amemaliza. Nikageuka kuelekea gari, akanishika kiwiko.

"Na we musemeshe."

"Mimi?"

"Ulikuwa unacheka na mi."

Nikasimama. Mimi ambaye nimezungumza mbele ya watu wa tai sikujua niweke wapi mikono. Nikasema baba mdogo, nyumba yako haina kosa. Nikasema kamba yako ilikuwa sawa, mimi niliishika, nakumbuka. Nikasema tutauziba ufa, tutamtafutia mama mdogo mahali pazuri pa juu. Yeye alikuwa ananisikiliza kwa makini, kichwa upande, vilevile alivyosikiliza nikitaja vitu vyangu mkekani, akingoja kuona kama kuna kilichopungua.

"Bado," akasema. "Haiyatimia."

Nikamwambia baba mdogo kwamba nilijua.

Mama mdogo akaitikia amina, akakaza kanga kiunoni, akatangulia kwenda garini.